Saini ya Sikukuu

Jumapili, 5 Februari 2012

Ata Yesbolat,

Shikamoo. Roho zi salama huko, na mifugo? Unisamehe kukuita Ata, babu, na kukuandikia bila kutambulishwa na mtu. Mimi ni Balzhan, binti wa Tolegen fundi bomba wa mtaa wa saba. Pengine unamkumbuka zaidi mama yangu, Raushan, aliyekuwa akiwauzia wafanyakazi maziwa ya ngamia pale langoni. Nina miaka ishirini na mitatu, na tangu Septemba ni karani wa kumbukumbu katika mtambo ulioutumikia. Nimeambiwa simu huisikii tena kwa sababu ya kelele za pampu za miaka ile, ndiyo maana barua hii nimemkabidhi mhudumu wa behewa la tatu, yule mama mwenye jino la dhahabu, aishushe kituoni kwenu.

Kazi yangu ni kuandika kitabu. Mtambo unavunjwa, kama ujuavyo, na wageni wanaotusaidia wanataka kitabu cha mafunzo: tumejifunza nini katika kuvunja mtambo mkongwe wa nyuklia, ili wenzetu wa nchi nyingine wasirudie makosa yetu. Mkuu wangu, Bwana Darkhanbek, aliniambia, "Andika mafunzo thelathini. Yawe mazuri." Nikamuuliza mafunzo mazuri ni yapi. Akasema, "Yasiyo na majina ya watu."

Nimefika la kumi na nne nimekwama. Unazijua zile nyaya za umeme zilizozungushwa kwenye mabomba ili sodiamu isigande. Katika rejista ya umeme, nyaya za mfuko wa chini wa mzunguko wa nne wa mabomba, pale bomba linaposhuka karibu na sakafu, zilikuwa zikila umeme Jumamosi tu. Kuanzia Desemba 1994 hadi Machi 1998, kila Jumamosi, saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Siku nyingine ni sifuri. Bomba gani hilo linalosikia baridi Jumamosi peke yake?

Nisingekusumbua kwa udadisi mtupu. Tarehe 19 Machi mzunguko wa nne utapitishiwa mvuke ili kuoshwa. Mimi nilisoma historia, si ufundi, lakini nimeelezwa hivi: sodiamu ni metali laini kama siagi, ikipata joto hutiririka kama maji, na ikikutana na maji yenyewe hulipuka. Mvuke ni wa kuosha utando mwembamba uliobaki. Likiwemo bonge zima, watakaokuwa ukumbini hawatatoka. Hati inasema bomba lilimwagwa likakauka tarehe 21 Machi 2000. Kabla ya mvuke kufunguliwa, mimi ndiye nitakayesaini kwamba karatasi zote za mzunguko wa nne zinaafikiana. Ata, naogopa kusaini nisichokielewa.

Mtoto wako kwa heshima,
Balzhan


Alhamisi, 9 Februari 2012

Binti Balzhan,

Marahaba. Roho zi salama. Mifugo ni paka mmoja, na hata huyo ni wa mkwe wangu. Mama yako namkumbuka vizuri. Kikombe chake cha kupimia kilikuwa na mbonyeo, na ukilalamika alikuwa akikwambia, "Umebonyea kwa nje tu, ndani kiko sawa." Msalimie, mwambie bado ananidai nusu kikombe. Au mimi ndiye ninayemdai, nimesahau.

Mafunzo thelathini! Sisi kwa miaka ishirini na sita tulijifunza mawili: usikimbie, na usimwage. Yaliyobaki waliyajua wahandisi, nao wamehamia kwenye miji yenye miti.

Kuhusu Jumamosi, usihangaike. Rejista za miaka ile ziliandikwa na watu waliovaa glavu. Wino uliganda kwenye kalamu, tulikuwa tukiupumulia kwanza ndipo tuandike. Mtu aliyepumulia kalamu dakika nzima hataandika siku saba, ataandika moja. Hati ipo, si ndiyo? Hati ikisema kavu, ni kavu.

Nimekufungia kurti, vidonge vya maziwa ya mgando, alizokausha binti yangu. Ni ngumu kama kokoto za chumvi, zinyonye polepole ukiwa kazini, zinazuia usingizi na maswali.

Mimi nimechoka, mwanangu. Huku upepo hauna wa kuuzuia. Nalala mapema.

Yesbolat


Jumapili, 19 Februari 2012

Ata,

Shikamoo, na asante kwa kurti. Mama amecheka mpaka machozi kwa habari ya kikombe, na anasema wewe ndiye unayedaiwa, ila ni kikombe kizima.

Nilijaribu kuridhika na jibu lako. Kweli nilijaribu. Niliandika funzo la kumi na tano na la kumi na sita, yote mawili kuhusu uzio. Lakini sikulala vizuri, nikaenda ukumbini kuliona bomba lenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia. Aliyenipeleka ni Nurgisa, fundi wa kuchomelea, ambaye ndiye kiongozi wa kikosi cha mvuke. Ana miaka arobaini na mabinti watatu, na mdomo haufungi.

"We karani," akaniambia nikiwa navaa kofia ngumu, "ukizimia uangukie kushoto. Kulia kuna rangi mbichi."

Nikamwambia sizimii.

"Mbona unatetemeka kama mwanakondoo aliyeona kisu?"

"Ni baridi."

"Baridi ndiyo, ila naona inaanzia kwenye magoti yako."

Akanionyesha mfuko wa chini. Bomba nene, limefungwa blanketi la kijivu, linashuka karibu na sakafu kisha linapanda. Alisema kikosi chake ni watu wanne, na yeye ndiye atakayesimama hapo hapo kwenye vali. Nikamuuliza anajuaje kwamba ndani ni patupu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Si nyinyi makaratasi mmesema?"

Ata, sijamwambia mtu mwingine haya. Hati ya mwaka 2000 inasema nyaya za mfuko wa chini ziliwashwa saa ishirini mfululizo, tarehe 20 na 21 Machi, ili sodiamu iyeyuke yote imwagike. Nikafungua rejista ya umeme ya siku hizo. Nyaya za mizunguko mingine zimekula umeme mwingi. Za mfuko wa chini wa mzunguko wa nne ni sifuri. Baridi haikuwa kali Machi ile na wino haukuganda, maana mwandiko ni mzuri.

Nani aliziwasha? Au hazikuwashwa? Kwetu mtu hakatizi mbele ya mzee, sembuse kumchimba kwa maswali. Naandika sentensi hii ya mwisho kwa mara ya nne, na kila mara naona haya. Tafadhali niambie unachokumbuka.

Balzhan


Alhamisi, 1 Machi 2012

Binti Balzhan,

Wewe ni mkaidi kama marehemu mke wangu. Hiyo ni sifa, usinune.

Mambo ya nyaya yalikuwa ya Pavel Trofimovich, fundi umeme wa zamu yetu. Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu, nilikuwa na mabomba, vali na watu. Waya gani unakwenda wapi alijua Pavel peke yake, na ramani aliiweka kichwani, akasema karatasi huibiwa. Kama kuna kilichowashwa au ambacho hakikuwashwa Machi ile, ni yeye. Alifariki mwaka 2004, kwa ugonjwa wa moyo. Mwache alale.

Ukitaka funzo la kumi na saba, liandike hivi: fundi umeme asiruhusiwe kufa na ramani.

Kuhusu mvuke, waambie waende polepole. Polepole haijaua mtu.

Macho yangu yanauma nikiandika. Binti yangu anasema barua zako zinanifanya nisile.

Yesbolat


Jumapili, 4 Machi 2012

Ata,

Shikamoo.

Barua yako niliipata Jumatano asubuhi, tarehe 29 Februari. Haikuja na treni, aliileta dereva wa lori la chumvi. Nikaisoma nimesimama uani. Kisha nikatazama juu, penye tarehe. Uliandika Alhamisi, 1 Machi. Nilikuwa na barua mkononi iliyoandikwa kesho.

Nikaitoa ile ya kwanza. Nayo ni ya Alhamisi, siku ya treni. Naelewa, Ata. Unaandika Jumatatu au Jumanne na kuweka tarehe ya siku ambayo barua itaondoka. Si kosa. Lakini tangu Jumatano sijaweza kuitazama hati ya 21 Machi bila kufikiria barua zako.

Juzi nilikwenda kwa Bibi Lidia, mjane wa Pavel Trofimovich. Nilibeba keki, nikadanganya kwamba nakusanya picha za wafanyakazi wa zamani. Alinipa chai na jemu ya cheri, na aliponiuliza nataka picha ya mwaka gani nikasema wa 2000, Machi. Akacheka. "Machi ile Pavel wangu hakuwa na picha! Alianguka ngazini Februari, akalazwa hospitali mpaka Mei, mguu umening'inizwa juu kama paja la kondoo buchani."

Nikaweka kikombe mezani. Nikamuuliza kuhusu Jumamosi za miaka ya nyuma. Akaacha kucheka. Akanishika kidevu kama mtoto, akanitazama sana, akasema, "Nenda ukamuulize Yesbolat. Sisi wanawake tuliapa."

Sasa nasema lililo gumu, na naomba uniwie radhi kama mzazi. Saini kwenye hati ya 21 Machi si ya Pavel. Ni yako. Niliiona kabla sijakuandikia barua ya kwanza, nikakuficha, kwa sababu niliogopa ungeona nakushitaki. Sikushitaki. Nataka kujua tu kama bomba lina kitu ndani.

Natakiwa kusaini Ijumaa, tarehe 16. Mvuke ni Jumatatu, tarehe 19, ili ripoti isomwe kabla ya sikukuu ya Nairuzi. Treni yako ni Alhamisi ya tarehe 8, na nyingine ni ya tarehe 15. Ni mbili tu zilizobaki.

Balzhan


Jumapili, 11 Machi 2012

Ata,

Juzi Ijumaa nilisimama stesheni tangu kabla ya mapambazuko. Mama mwenye jino la dhahabu akaniambia, "Hamna kitu, binti. Mzee alikuwepo pale kwao kituoni, alisimama hadi treni ikaondoka. Mikono mitupu."

Basi ulikuja mpaka kwenye treni.

Jana nilikwenda kwa Bwana Darkhanbek. Nilikuwa nimejiandikia cha kusema kwenye kiganja, lakini jasho likafuta. Nikamwonyesha rejista na hati, nikamwambia tarehe 21 nyaya hazikuwa na umeme. Alizitazama kwa muda. Si mtu mbaya, Ata. Ana mifuko chini ya macho kama mtu aliyelia, kumbe ni kukosa usingizi tu.

"Mita ilikuwa mbovu," akasema.

"Mita ya mzunguko wa tatu ilikuwa nzima, na ni sanduku moja."

"Balzhan. Unajua ratiba hii imeahirishwa mara ngapi? Mara sita. Nina mwaliko wa wageni kumi na wawili, wameshapanda ndege. Wewe saini leo, uweke tarehe ya Ijumaa. Kama kuna la kukagua, tutakagua baada ya sikukuu."

Nikasema nitasaini Ijumaa yenyewe. Ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kumwambia mkubwa, na nilitoka nikajifungia chooni.

Mlangoni nikakutana na Nurgisa. Alikuwa amesikia. "Karani," akasema, "ukisaini nami nikarushwa hadi baharini, angalau uandike jina langu vizuri. Nurgisa, na g moja. Kwenye cheti cha ndoa waliweka mbili, mke wangu anadai hajaolewa na mimi." Nilishindwa kucheka. Yeye pia, mara hii, hakucheka sana.

Sina cha kuongeza. Nitakuwa stesheni.

Balzhan


Alhamisi, 15 Machi 2012

Balzhan, mwanangu,

Bomba lina sodiamu. Naliandika mwanzoni ili kama taa itazimika uwe umelisoma.

Imo kwenye mfuko wa chini wa mzunguko wa nne, imeganda, nakadiria lita sitini, labda zaidi. Msipitishe mvuke. Kama hawakuamini, mwambie huyo fundi wako achukue nyundo ndogo ya shaba, aondoe blanketi, agonge. Bomba tupu huitika. Lililojaa hunyamaza.

Sasa Jumamosi.

Majira ya baridi ya 1994 mji ulikosa joto. Radieta za kupashia nyumba joto zilipasuka, barafu ilikuwa ndani ya madirisha, watu walipika kwa mbao za sakafu zao. Watoto walipata upele na chawa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwavua nguo. Sisi kazini tulikuwa na joto la kuyeyusha metali, tukirudi nyumbani tunalala na kofia. Siku moja Pavel akasema, "Nyaya za mfuko wa nne hazina kazi. Mtambo ukiwa unakwenda, sodiamu ni moto yenyewe." Ilikuwa kweli. Nyaya zile zinahitajika siku mtambo unaposimama tu. Akaukata waya, akaupitisha nyuma ya karakana ya pampu, tukajenga bafu la mvuke kwa matofali ya akiba. Vibao vya kukalia nilichonga mimi.

Kila Jumamosi, saa nane, wanawake na watoto kwanza, tukiwapitisha lango dogo. Wanaume baadaye. Walinzi walijua, watoto wao walikuwa ndani. Wanawake waliapa wasiseme, maana ingejulikana tungefungwa sote. Wewe ulikuwa na miaka mitano, sita. Mama yako alikuleta umefungwa kwenye koti la baba yako, ukapiga kelele sabuni ilipokuingia machoni hadi Pavel akagonga mlango kuuliza nani anachinjwa. Mama yako hakutulipisha maziwa miezi ile. Ndiyo nusu kikombe ninayokumbuka.

Sijutii Jumamosi hata moja.

Ninachojutia ni Jumanne moja, ile ya 21 Machi 2000. Mji ulipopata joto tena, bafu tulilifunga, lakini waya hatukuurudisha. Tulisahau kama unavyosahau koleo kwa jirani. Mtambo ukazimwa, na Machi ya 2000 tukaagizwa kumwaga mizunguko yote kabla ya Nairuzi. Tulimwaga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukatoka pungufu. Nikajua papo hapo. Pavel alikuwa hospitali, na mimi sikujua ameunganisha wapi. Kamati ilikuwa chini, wamevaa tai, meza ya nyama imeandaliwa.

Mtambo wetu ulikuwa na desturi, wala si wetu peke yetu. Tuliita saini ya sikukuu. Kazi ikikaribia kwisha na sikukuu iko mlangoni, unasaini kwamba imekwisha, unakwenda kula, na baada ya sikukuu unarudi kuimaliza kweli. Nilikuwa nimesaini hivyo mara mia na kila mara nilirudi. Hata siku moja sikuwahi kutorudi. Hilo ndilo lililonipa mkono mwepesi. Nikasaini, nikaandika saa ishirini za joto nilizokusudia kuzitoa keshokutwa.

Baada ya Nairuzi, langoni palikuwa na orodha ya waliopunguzwa. Jina langu la tatu. Kitambulisho wakakichukua pale pale. Nilisimama nje ya uzio ule ule ambao Jumamosi nilikuwa nikiwafungulia watoto wa watu, na hakuna aliyenifungulia.

Utauliza kwa nini sikusema. Kwanza nilijiambia nitamwandikia mkuu. Kisha nikajiambia hawatawahi kuuvunja, hawana uwezo. Kisha wakaanza kuuvunja, nikajiambia watapima wenyewe, wana vyombo. Kisha nikawa kiziwi, na kiziwi watu hawamuulizi kitu. Ilikuwa raha, nakwambia kweli. Ndipo ikaja barua yako na Jumamosi zako.

Na Pavel, ambaye alikuwa rafiki yangu, nilimtwika kosa langu kwa sababu hawezi kujibu. Hilo nitamwandikia Lidia mwenyewe, usinisaidie.

Alhamisi ile nilikuja kituoni na barua mfukoni. Haikuwa hii. Ilisema tena ni Pavel. Nikarudi nayo.

Humu kuna tamko, nimelisaini. Tarehe sijaweka. Nilishika kalamu mkono ukagoma. Nikiweka ya Alhamisi naona narudia kosa, nikiweka ya leo sikumbuki mara ya mwisho niliiandika lini tarehe ya leo. Weka wewe.

Yesbolat


Jumapili, 18 Machi 2012

Ata,

Naandika haraka, treni iko jukwaani.

Barua yako ilifika Ijumaa. Tarehe sikuweka, si yangu kuiweka. Nikampelekea Bwana Darkhanbek tamko. Akalisoma mara mbili, akasema, "Halina tarehe. Mzee wa miaka sabini na minne, kiziwi, karatasi isiyo na tarehe. Nisimamishe wageni kumi na wawili kwa hili?" Kisha akasukuma fomu mbele yangu.

Sikusaini. Nilirudisha kalamu mezani, kifuniko chake kikadondoka, nikainama kukitafuta, nikakaa huko chini muda mrefu kuliko inavyostahili. Nilipoinuka alikuwa ameshaichukua fomu. Anasema naibu wake atasaini badala yangu, na kesho saa nne asubuhi mvuke utafunguliwa kama ilivyopangwa.

Barua yako nimempa Nurgisa aisome yote. Nilijua ina siri za watu wengi. Nisamehe. Aliisoma amekaa juu ya ndoo, hakufanya mzaha hata mmoja, akaikunja, akauliza, "Nyundo ya shaba iko wapi?"

Sijui kesho itakuwaje.

Balzhan


Jumapili, 25 Machi 2012

Ata,

Shikamoo. Wote wazima. Naliandika mwanzoni, kama ulivyonifundisha.

Jumatatu saa tatu na nusu Nurgisa aliondoa blanketi mbele ya wageni, mbele ya Bwana Darkhanbek na mimi niliyejibanza kwenye nguzo. Akagonga bomba pale linapoanza kushuka. Likaita, sauti ndefu. Akasogea hatua moja, akagonga. Likaita. Akashuka hadi mfuko wa chini, akagonga.

Ilikuwa kama kugonga ukuta wa udongo.

Akagonga tena, mara tano sita, juu na chini, kutafuta sauti inapoanzia. Kisha akachora mstari kwa chaki. Akaweka nyundo sakafuni, akavua glavu, akasema, "Mimi sifungui. Anayetaka afungue, vali ni ile pale, mimi nakwenda kuwaona wanangu." Wenzake watatu wakavua glavu. Mgeni mmoja mwanamke akauliza kuna nini, mkalimani akamgeukia Bwana Darkhanbek, naye akamjibu mwenyewe. Alisema, "Tumekosea." Sauti yake ilikuwa imechoka sana, na nadhani kidogo ilikuwa imepumzika.

Jumatano, wengine wakianza sikukuu, sisi hatukula. Waliufuata waya wa Pavel kutoka kwenye sanduku hadi nyuma ya karakana. Bafu lipo, Ata. Paa limeanguka lakini vibao vyako vimesimama. Wakaurudisha waya, wakapasha saa thelathini, polepole kama ulivyoagiza, na Ijumaa wakamwaga. Lita sabini na moja. Nurgisa alinijia na uso mweusi kwa masizi, akaniambia, "Karani, sabini na moja. Mabinti zangu watatu ukiwajumlisha hawajazi ndoo za lita hizo." Kisha akageuka upande, akafuta pua kwa mkono wa shati.

Mimi nimehamishiwa stoo ya funguo. Sikufukuzwa. Kitabu kinamaliziwa na naibu. Funzo la kumi na nne limebaki hivi: "Taarifa za hati zithibitishwe kwa vipimo." Halina majina, ni zuri. Mimi niliandika refu zaidi, kuhusu kuwatafuta waliofanya kazi mahali na kuwauliza waliishi vipi pale, walioga wapi, walipashia wapi chakula. Walilikata.

Mama nilimuuliza kuhusu koti la baba. Alisema, "Kwa hiyo amesema." Akaenda jikoni. Jumamosi hii aliniletea taulo bafuni bila kuombwa, kama vile mimi bado ni mtoto.

Wachunguzi watakuja kwako mwezi ujao. Wamesema si kukushitaki, lakini nami si mtoto, huenda wakabadili maneno. Wanataka tamko liwe na tarehe. Nakurudishia. Ukitaka kulichana, hakuna nakala niliyoiweka. Nimeogopa kulisema hili tangu asubuhi, na bado nalisema.

Balzhan


Jumanne, 27 Machi 2012

Balzhan, mwanangu,

Marahaba. Sabini na moja. Nilikosea lita kumi na moja, uzee.

Lidia amenijibu. Barua yake ina mstari mmoja, nao siwezi kuurudia mbele ya msichana. Lakini mwisho ameweka salamu.

Mwambie mama yako nakubali kikombe kizima.

Leo ni Jumanne. Nilimuuliza binti yangu, nikamuuliza na mkwe, nikaangalia kalenda ya ukutani. Kwenye tamko nimeandika hivyo hivyo, Jumanne, tarehe 27 Machi 2012, mbele yao wote wawili. Mara hii mkono haukugoma. Wakija wachunguzi nitawapikia chai, na nitawaambia waseme kwa sauti.

Treni ni keshokutwa. Barua itakufikia ikiwa na siku tatu, na tamko limechelewa miaka kumi na miwili na siku sita. Yaache yalivyo, usisahihishe.

Yesbolat